Usiamini Wati za Kwenye Boksi: Historia Fupi ya Pawa Saplai

Wasee wakiniuliza kuhusu kuunda kompyuta ya gemu, swali huwa ni moja: kadi gani ya grafiki itaingia kwa bajeti yangu? Pawa saplai hakuna anayeiuliza. Hiyo inanunuliwa mwisho, na doo zenye zimebaki, na kigezo ni kimoja tu: boksi imeandikwa wati ngapi?

Leo nataka tuangalie historia, juu historia ya hiki kidude inasema kitu moja wazi. Ile nambari kubwa kwenye boksi haijawahi kutosha kukuambia ukweli, na sheria nyingi tulizo nazo kuhusu pawa saplai ziliandikwa baada ya vitu vya watu kuungua.

Tuanze 1977. Wakati huo pawa saplai za kawaida zilitegemea transfoma kubwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, na stima ya ziada iligeuzwa tu kuwa joto. Apple II ilipotoka mwaka huo, ilikuja na muundo wa injinia anaitwa Rod Holt. Muundo wake ulikuwa unakatakata stima maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuipitisha kwenye transfoma. Ukikata haraka hivyo, transfoma inaweza kuwa ndogo na joto linapungua. Ndiyo maana Apple II haikuhitaji hata feni. Holt hakuwa wa kwanza kutumia mbinu hiyo, lakini tangu hapo kompyuta za nyumbani zikaenda njia hiyo, na pawa saplai yako ya leo bado inafanya kazi kwa wazo lilelile.

Mwaka wa 1981 IBM ikatoa PC yake. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 63.5. Hiyo ni kompyuta nzima. XT ya 1983 ikafika wati 130, na AT ya 1984 ikafika 192. Sasa linganisha: kadi ya RTX 4090 iliyotoka 2022 imepimwa wati 450. Kadi peke yake inakula mara saba ya kile IBM PC nzima ilipewa.

Muundo wa AT ulinakiliwa na kila mtu, pamoja na udhaifu wake. Stima iliingia kwenye bodi kuu kwa plagi mbili zilizofanana, P8 na P9, na fundi alipaswa kukumbuka kwamba waya nyeusi zikutane katikati. Ukizibadilisha, unaweza kuua bodi. Intel ilipotoa kiwango cha ATX mwaka wa 1995, plagi hizo zikawa moja ya pini 20 inayoingia upande mmoja tu. Hiyo ndiyo sheria niliyosema: watu waliunguza bodi kwanza, kisha plagi ikarekebishwa.

Hapa sasa ndipo uongo wa boksi ulipata nafasi. Hadi mwisho wa miaka ya tisini, prosesa zilipata nguvu yake kutoka kwa mstari wa volti 5 au 3.3. Zilipoanza kula sana, hesabu ikakataa. Wati 120 kwa volti 5 zinahitaji ampea 24. Wati hizohizo kwa volti 12 zinahitaji ampea 10 tu, na waya haupati moto sana. Kwa hivyo mwaka wa 2000, wakati wa Pentium 4, kiwango cha ATX12V kikaleta plagi mpya ya pini 4 ya volti 12 kwa ajili ya prosesa. Leo karibu mzigo wote wa kompyuta ya gemu, prosesa na kadi, unabebwa na mstari wa volti 12.

Lakini viwanda vya bei rahisi viliendelea kuuza miundo ya zamani: nguvu nyingi kwenye volti 5 na 3.3, kidogo kwenye 12, halafu wanajumlisha zote na kuandika nambari kubwa nje. Chukua mfano huu. Boksi inasema wati 500. Unageuza, unasoma stika, unapata +12V ni ampea 18. Zidisha 18 kwa 12: wati 216. Hiyo ndiyo nguvu ambayo kadi yako na prosesa yako zitagawana. Zile zingine ni za kompyuta ya mwaka wa 1998.

Halafu kuna kapasita, zile silinda ndogo ndani zinazohifadhi na kutuliza stima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita nyingi zilizotengenezwa kwa majimaji mabaya zilianza kuvimba na kupasuka kote duniani. Dell, ambayo OptiPlex zake za enzi hiyo ziliguswa, ilitenga karibu dola milioni 300 mwaka wa 2005 kushughulikia mashine zenye kasoro. Kama kampuni kubwa hivyo ilinaswa na kapasita ya bei ya peremende, fikiria kilicho ndani ya pawa saplai isiyo na jina.

Mwaka wa 2004 ikaja alama ya 80 PLUS, na baadaye, kuanzia 2008, madaraja ya Bronze, Silver na Gold. Wengi wetu tunaichukulia kama cheti cha ubora. Inapima ufanisi tu, yaani ni kiasi gani cha stima kinafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Haipimi kama kinga za ndani zinafanya kazi. Na kipimo kinafanywa kwa joto la nyuzi 23. Msee wa Mombasa anajua nyuzi 23 ni baridi ya kuvaa sweta, na ndani ya kasha la kompyuta ni moto zaidi.

Ushahidi ulikuja 2021. Kadi za grafiki zilikuwa adimu, na duka la Newegg huko Marekani lilikuwa linaziuza kwa kuziunganisha na bidhaa zingine, zikiwemo pawa saplai za Gigabyte za P750GM na P850GM. Zilikuwa na alama ya Gold. Zikaanza kulipuka. Mwezi Agosti Gigabyte ilikubali kubadilishia wateja, na ikasema imeshusha kiwango cha kinga ya mzigo kutoka asilimia 120 hadi 150, mpaka asilimia 110 hadi 120. Kwa lugha rahisi: awali pawa saplai ya wati 750 ingeweza kusukumwa hadi wati 1125 kabla ya kujizima.

Mwaka uliofuata, plagi mpya ya 12VHPWR ilianza kuyeyuka kwenye RTX 4090 za watu, na 2023 ikarekebishwa na kuitwa 12V-2x6. Tena, moto kwanza, sheria baadaye.

Sasa turudi nyumbani, juu hapa Kenya mambo yana uzito wake. Stima yetu ni volti 240. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230. Ikiwa iko kwa 115 na uichomeke kwa soketi yetu, kapasita zake kubwa zinapata karibu volti 340 kila moja, na nyingi ziliundwa kubeba 200. Utasikia mlio, na hautahitaji kuelezwa. Kompyuta za ofisi za mtumba kutoka Ulaya, ambazo wengi tunaanzia nazo, mara nyingi zina plagi za kampuni husika tu, hivyo huwezi kutoa pawa saplai na kuweka yoyote.

Halafu stima yenyewe. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, megawati 180 zikapotea na nchi ikaingia giza. Tumbili alipona. Agosti 2023 nchi ilizima tena. Na si lazima nchi nzima; plot yenu inatosha. Stima ikipotea ukiwa katikati ya gemu na kurudi kwa kishindo, kitu cha kwanza kupokea hicho kishindo ni pawa saplai. Ikiwa nzuri, inajizima au inakufa peke yake. Ikiwa mbaya, inakufa na bodi, kadi na diski yenye kazi zako. Kwa wale tunaotafuta unga kwa hiyo mashine, kuhariri video na kustrimu, hiyo ni kufutwa kazi na kifaa cha bei ya chini.

Kwa hivyo kabla ulipe, fanya hivi. Geuza boksi, tafuta +12V, zidisha ampea kwa 12. Jumlisha kadi na prosesa, halafu acha nafasi, juu kadi za kisasa huruka ghafla kupita kipimo chao. Angalia kama imeandikwa 100–240V ama ina swichi. Tafuta majaribio ya modeli hiyohiyo, si jina la kampuni, Gigabyte imetuonyesha. Uliza waranti, na nani hapa nchini ataiheshimu. Kama muuzaji hataki ufungue boksi usome stika, shukuru na uende duka linalofuata.

Na kama bajeti haitoshi, shusha kadi daraja moja. Gemu itakosa vivuli vizuri kidogo. Mwaka kesho ukipata doo utabadilisha kadi, na pawa saplai nzuri itakuwa bado inakungoja.

Yako imeandikwa ampea ngapi kwenye +12V? Enda uangalie, halafu uniambie.