Ngazi ya dawa za maumivu ya saratani: Manufaa na kasoro zake

NGAZI ya dawa za maumivu ni mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1986 kuhusu utulizaji wa maumivu ya saratani. Ina vipandio vitatu: parasetamoli au aspirini kwa maumivu madogo, kodeini kwa ya wastani, na mofini kwa makali. Dawa hunywewa kwa saa maalum, bila kungoja maumivu yarejee. Mofini ya maji, kwa kawaida, kila baada ya saa nne.

Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1995, ukihusisha wagonjwa 2,118, ulionyesha kuwa asilimia 76 walipata nafuu nzuri. Asilimia 12 hawakutulizwa ipasavyo.

Kasoro kuu imo katika kipandio cha pili. Kodeini ina kikomo. Ukikivuka, nafuu haiongezeki. Nchini Italia, utafiti wa mwaka 2016 ulilinganisha wagonjwa 240 wenye maumivu ya wastani. Maumivu yalipungua kwa angalau asilimia 20 miongoni mwa asilimia 88 ya waliopewa mofini kidogo, dhidi ya asilimia 58 ya waliopewa dawa za kipandio cha pili. Mwaka 2018, WHO ilieleza kuwa ngazi hiyo ni mwongozo wa jumla tu: mgonjwa apewe dawa kulingana na ukali wa maumivu yake.

Kwa mchuuzi wa mitumba katika Soko la Toi, kando ya Kibera, suala hili ni zito. Parasetamoli hupatikana hata kioskini, ilhali mofini hutolewa kwa agizo la daktari pekee. Anayeongeza tembe kiholela huhatarisha ini lake, na maumivu yasiishe.

Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilisema ni hospitali saba tu za umma nchini Kenya, kati ya takriban 250, zilizokuwa na mofini. Uganda ilikuwa imewaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalum kuiagiza tangu 2004.

Mofini hufunga choo, hivyo huandamana na dawa ya kulainisha choo. Hofu ya uraibu isimnyime mgonjwa nafuu, mradi tu anaitumia chini ya uangalizi. Jijini Nairobi, huduma hiyo hutolewa na vituo kama Nairobi Hospice, kilichoanzishwa mwaka 1990.