Kung'atuka: Neno Lililotoka Butiama

Sisi watu wa mwambao tuna tabia ya kulipima neno kwa mahali lilikotoka. Likitoka Arabuni twalipokea kwa heshima, likitoka bara twalicheka, twasema, "Hayo maneno ya mitaani." Lakini liko neno moja la bara ambalo leo hatuwezi kuliacha, nalo ni kung'atuka.

Asili yake ni lugha ya Wazanaki, watu wa Butiama katika mkoa wa Mara, si mbali na Musoma wala Bunda. Mzaliwa wa huko, Mwalimu Julius Nyerere, ndiye aliyelieneza alipouacha urais kwa hiari yake mwezi wa Novemba 1985, akampisha Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1990 akauacha na uenyekiti wa Chama.

Je, hatukuwa na neno letu? Tulikuwa nayo mawili, yote ya asili ya Kiarabu. Kustaafu asili yake ni kuomba kusamehewa kazi, na sasa ni neno la aliyefikisha umri. Kujiuzulu ni kujivua cheo mwenyewe, na mara nyingi twalisikia penye kosa au aibu. Lakini mtu aondokaye angali na nguvu, wala hakufukuzwa, huyo hakuwa na jina. Tena sikio la Mswahili halikupata taabu. Kama ziba ilivyo na zibuka, na funga ilivyo na funguka, basi ng'atuka twaisikia kama meno yaliyoachia kitu yalichoking'ata.

Siku hizi neno limegeuzwa. Kiongozi akishikilia kiti, watu hupiga kelele: "Ang'atuke!" Neno la hiari limekuwa fimbo ya kufukuzia. Kosa ni la nani? Si la wapigao kelele peke yao. Ni la yule aliyengoja mpaka aambiwe.

Mtume (S.A.W.) alimwusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi. Cheo ni amana, na muungwana huirudisha amana kabla hajagongewa mlango. Basi sisi tulio katika kamati za misikiti na madrasa, na tunaosimamia mali za mayatima, tujiulize: meno yetu yameachia, au bado yameng'ata?