Darsa, Redio na Kebo za Baharini: Historia ya Elimu Huria Unguja hadi Tunguu

Tunguu ni kijiji cha Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, kilicho kando ya barabara itokayo Mjini kuelekea mashamba ya mashariki, na ndani ya kipindi kifupi kimekuwa makao ya vyuo vikuu viwili. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa hapo mwaka 1998 na taasisi ya hisani ya Darul Iman. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana zaidi kwa kifupisho cha SUZA, kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, kikaanza kusomesha mwaka 2001 katika majengo ya Vuga, kisha kikahamishia kampasi yake kuu Tunguu. Kwa kuwa vyuo hivi vilizaliwa wakati ule ule ambapo intaneti ilikuwa ikiingia visiwani, suala la elimu huria ya mtandaoni, yaani masomo yanayowekwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma bila sharti la kudahiliwa wala kulipa ada, limekuwa sehemu ya maisha yao tangu mwanzo. Hata hivyo, historia ya kisiwa inaonesha kuwa wazo la elimu isiyo na kizuizi halikuja na kompyuta, na kwamba kila chombo kipya kilichofika Unguja kilizaa matunda kilipokuta kikao cha watu na mtu wa kujibu maswali yao, na kilidhoofika pale kilipotarajiwa kufanya kazi peke yake.

Mfano wa zamani zaidi unaojulikana vizuri ni darsa. Darsa ni kikao cha kusomesha kitabu, kinachofanyika msikitini au barazani, aghalabu baada ya sala ya alasiri au kati ya magharibi na isha, ambapo shekhe husoma matini ya Kiarabu, husita kila baada ya sentensi chache na kuifasiri kwa Kiswahili, huku aliyekaa mbele akifuatisha katika kitabu chake na aliyeegemea nguzo baada ya kutoka pwani au shambani akisikiliza tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mji Mkongwe ulikuwa na wanavyuoni waliojulikana kotekote katika Bahari ya Hindi, miongoni mwao Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesomesha Msikiti Gofu na nyumbani kwake Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Vikao vyao havikuwa na daftari la usajili, na msikilizaji angeweza kuanza katikati ya kitabu, kukosa wiki kadhaa na kurudi. Lakini ijaza, yaani idhini ambayo shekhe humpa mwanafunzi ya kukisomesha kitabu alichokihitimu kwake, ikitaja mnyororo wa walimu waliokipokezana, ilitolewa kwa wachache waliosoma miaka mingi mbele ya mwalimu yule yule. Kusikiliza kulikuwa kwa wote, na ushahidi wa kujua ulikuwa mgumu kuupata. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila mgongano. Haifai, hata hivyo, kuusifu uwazi huo kupita kiasi, kwani wanawake wengi walisomea majumbani mbali na vikao vya misikitini, na skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana haikufunguliwa hadi mwaka 1927.

Chombo cha kwanza cha kisasa kuiongezea darsa nguvu kilikuwa matbaa, yaani mtambo wa kuchapia vitabu, ambao Sultani Barghash bin Said aliuleta Unguja karibu na mwaka 1880. Matbaa hiyo ilianza kuchapa vitabu vya sheria vya madhehebu ya Ibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia, kazi kubwa yenye majuzuu mengi ambayo hapo kabla ilinakiliwa kwa mkono. Vitabu hivyo viliingia katika mikono ya watu waliokwisha kuwa na desturi ya kukaa pamoja na kusoma, na hiyo ndiyo sababu mtambo mmoja wa mji mdogo uliweza kuwa na athari hadi Oman na Afrika ya Kaskazini.

Redio ilianza kusikika Unguja mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, na miaka 13 baadaye, tarehe 23 Septemba 1964, Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, tamko ambalo lilifuta ada na ubaguzi wa skuli uliofuata kabila na dini. Televisheni ya rangi ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi miaka ya 1990. Bara, kwa upande wake, ilijifunza kuitumia redio kwa namna nyingine: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kila kimoja kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kijitabu cha kusoma na jukumu la kutekeleza kilichojadiliwa, kama vile kuchimba vyoo. Matangazo yalikuwa mafupi na mazungumzo yaliyofuata yakawa marefu, na kazi kubwa ilifanywa na mazungumzo.

Mradi unaostahili kukaliwa zaidi ni ule ulioanza Zanzibar mwaka 2006, Wizara ya Elimu ikishirikiana na shirika la Kimarekani la Education Development Center kwa fedha za USAID, ambao vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Watoto wengi wa vijijini walikuwa wakiingia darasa la kwanza bila kupitia madarasa ya maandalizi, kwa sababu madarasa hayo yalikuwa machache na walimu wake wachache zaidi. Njia iliyotumika ni redio shirikishi, yaani kipindi kilichotungwa ili msikilizaji ajibu: sauti ya redioni huwataka watoto wahesabu vijiti walivyookota, hunyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa, watoto hujibu kwa pamoja, kisha sauti hutoa jibu na kuwapongeza, na baada yake hufuata wimbo wa kunyanyuka na kurukaruka. Ukimya ule uliopangwa ndio kiini cha ufundi wenyewe. Vilevile, mbele ya watoto alikuwepo mlezi aliyetoka katika shehia yao, asiye na diploma ya ualimu, aliyefundishwa namna ya kuifuata redio, kumwelekeza aliyebaki nyuma na kurudia zoezi baada ya kipindi kwisha. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, hakuna jaribio la teknolojia ya elimu Zanzibar lililoelewa mazingira yake vizuri kuliko hilo, kwa kuwa liliichukua redio iliyokuwepo tayari na kuiweka katikati ya watu waliokuwepo tayari.

Kwa watu wazima, mlango mkubwa ulifunguliwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kudahili wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Chuo hicho kilifuata nyayo za chuo kikuu huria cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1969, lakini kililazimika kutegemea vitabu vya kuchapa, posta na vituo vya mikoa, kikiwemo cha Zanzibar, ambako mwalimu wa skuli au mtumishi wa serikali aliweza kukutana na wakufunzi, kufanya majaribio na kuwajua wenzake bila kuacha kazi.

Wakati huo huo mambo makubwa yalitokea ng'ambo. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kuwa kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na mwaka 2012 kampuni ya Coursera na taasisi ya edX zilianza kutoa kozi ambazo watu laki moja wangeweza kujiandikisha kwa pamoja. Ahadi zilizotolewa mwaka huo zilikuwa kubwa mno, na matokeo yakawa ya kufundisha: katika kozi nyingi za aina hiyo waliofika mwisho walikuwa chini ya asilimia 10 ya waliojiandikisha, na wengi wao walikuwa tayari na shahada. Mhitimu wa darsa asingeshangazwa na takwimu hiyo, maana wasikilizaji wengi na wenye ijaza wachache ni hali aliyoizoea. Ambacho angekikosa ni shekhe wa kuulizwa.

Unguja ilikuwa na tatizo lake la ziada. Kisiwa kimeunganishwa na dunia kwa kebo za baharini tangu ile ya simu ya maandishi iliyotoka Aden mwaka 1879, na umeme wake hutoka Bara kwa kebo iliyowekwa mara ya kwanza mwaka 1980. Kebo hiyo ilipoharibika, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi kwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yakinguruma Mji Mkongwe usiku na mchana, wakati ule ule ambapo kebo za kasi za intaneti, SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, zilikuwa zikifika Dar es Salaam. Mlango wa maktaba ya dunia ulifunguliwa na taa zikazimika. Kebo mpya ya umeme yenye uwezo wa megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013, na baada ya hapo ndipo ilipowezekana kuzungumza kwa dhati juu ya masomo ya mtandaoni. Ugonjwa wa korona ulipofunga skuli na vyuo mwezi wa Machi 2020 ilionekana ni nani aliyebaki nje: mwanafunzi mwenye simu janja lakini asiye na fedha ya bando alitegemea rafiki ampakulie somo na kumrushia, au alisubiri kipindi cha redio. Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India, ambacho tangu mwaka 2020 kinatoa shahada ya sayansi ya data kwa njia ya mtandao, kilipofungua kampasi yake ya kwanza nje ya India, hata chenyewe kiliweka madarasa, huko Bweleo kisiwani Unguja, na kuleta walimu.

Lililobaki wazi ni suala la lugha. Masomo mengi huria yako kwa Kiingereza, ambacho mwanafunzi wa Unguja hukutana nacho kama lugha ya kufundishiwa akiwa bado anajifunza lugha yenyewe, ilhali darsa ilimfasiria babu yake kila sentensi. Masomo ya MIT yametolewa kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuyatafsiri na kuyagawa bila kuomba ruhusa, mradi amtaje mwenye kazi, asiyauze na naye aiache tafsiri yake wazi, na pendekezo la UNESCO la mwaka 2019 kuhusu rasilimali huria za elimu linazitaka nchi kuhimiza kazi ya aina hiyo katika lugha za watu. SUZA, inayosomesha Kiswahili hadi shahada ya uzamivu, ina wataalamu wa lugha na wa sayansi katika chuo kimoja. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa isimu wakikaa na wanafunzi wao juu ya sura moja ya kitabu, wakaitafsiri na kuisomesha katika skuli za Wilaya ya Kati kabla ya kuichapisha, watakuwa wamefanya kazi ambayo leseni inairuhusu leo hii na ambayo haihitaji kebo nyingine.