Jua Linavyofanya Kazi Ndani ya Maji



Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya jinsi watu walivyogundua kwamba mwanga wa jua hufanya kazi ndani ya maji, hata kuua vijidudu viletavyo kuhara na kipindupindu. Someni polepole, na mkikutana na neno gumu, mwulizeni mwalimu wenu.

Ninyi mlio Igawa, kwenye barabara kuu ya Mbeya na Iringa, mnaujua Mto Mbarali. Wakati wa mvua maji ya mto hugeuka rangi ya udongo. Wakati wa kiangazi hutulia, lakini maji yanayong'aa huweza pia kuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kuyachemsha ni njia nzuri, ila kunataka kuni. Jua halina bei. Je, laweza kutusaidia?

Mwaka 1839 kijana mmoja Mfaransa, jina lake Edmond Becquerel, mwenye umri wa miaka 19, alitia vipande viwili vya madini katika maji yenye asidi. Alipokiangazia kimoja, umeme kidogo ulipita. Hapakuwa na moto; mwanga peke yake ndio uliofanya kazi. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walijaza vichupa maji yenye chakula cha vijidudu. Vichupa vilivyokaa gizani vilichafuka kwa vijidudu, na vile vilivyokaa juani vilibaki safi.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walitangaza jambo la ajabu. Walikuwa wametia majini kipande cha oksidi ya titani, wakakiunga kwa waya na kipande cha platini. Mwanga ulipokiangaza kile cha kwanza, mapovu yalitoka: huku oksijeni, kule hidrojeni. Maana yake, mwanga uliyagawa maji yenyewe.

Oksidi ya titani ni kitu gani? Ni ile ile inayotia weupe katika rangi nyingi za kupakia kuta na milango. Titani yenyewe haiko mbali nasi: imo ndani ya mawe ya chuma ya Liganga, wilaya ya Ludewa. Oksidi hiyo haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Iko katikati, na kwa sababu hiyo vitu vya namna yake huitwa nusu-kipitishi.

Ili mwelewe kazi yake, fikirini mchezo wa bao. Ukiitoa kete shimoni, shimo hubaki tupu. Mwanga ukipiga nusu-kipitishi, huitoa kete ndogo sana iitwayo elektroni, na nafasi yake hubaki wazi. Nafasi hiyo huyanyang'anya maji elektroni yao. Maji yaliyonyang'anywa hugeuka kuwa kitu kikali, nacho hushambulia ngozi ya kijidudu mpaka kijidudu kife. Oksidi yenyewe haipungui. Ni kama mafiga: kinacholiwa ni kuni, mafiga hubaki. Hapa kuni ni mwanga.

Mwaka 1977 Frank na Bard, huko Marekani, walitumia unga wa oksidi hiyo na mwanga kuondoa sumu ya sayanidi katika maji. Mwaka 1985 Matsunaga na wenzake, huko Japani, walionyesha kwamba unga wa namna hiyo huua vijidudu.

Mbona basi hatuna unga huo majumbani? Kwanza, hutumia sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, yaani miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Pili, unga ukishachanganyika na maji ni vigumu kuutoa. Tatu, tope huzuia mwanga usifike ndani. Tena angalieni sana: msitie rangi ya ukuta katika maji ya kunywa. Rangi ina vitu vingine vyenye kudhuru.

Wataalamu wengine walifuata njia nyepesi zaidi: jua na chupa tu, bila unga. Njia hiyo ilijaribiwa kwa jirani zetu, Wamasai wa Kenya. Habari zake zilitangazwa mwaka 1996. Watoto 206 walipewa chupa za plastiki. Wengine waliziweka chupa zao juu ya paa, wengine ndani ya nyumba. Wale wa paani waliharisha kidogo kuliko wenzao, ingawa kuhara hakukwisha. Baadaye kipindupindu kiliingia katika sehemu hizo, na hesabu yake ilitangazwa mwaka 2001. Katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua ni 3. Katika wenzao 144, waliougua ni 20. Kwa watu wazima haikuonekana tofauti kubwa.

Basi, kama kuni zimekosekana, fanyeni hivi. Chukueni chupa safi inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2. Maji yakiwa na tope, yaacheni yatuame, kisha yachujeni kwa kitambaa safi. Jazeni chupa, ifungeni, ilazeni juani saa 6 kamili. Mbingu zikiwa na mawingu mengi, iacheni siku 2. Mvua ikinyesha mfululizo, msilitegemee jua, chemsheni.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini maji ya tope hayafai kuanikwa juani kabla ya kuchujwa?
2. Katika mfano wa mafiga, mwanga ni nini, na oksidi ya titani ni nini?
3. Nyumbani kwako maji ya kunywa hutoka wapi, na ni nani ayatengenezaye kabla mtoto hajayanywa?