McKinley: Jina la rais, jina la mlima

McKinley ni jina la ukoo lenye asili ya Kigaeli, maana yake mwana wa Finlay. Duniani linajulikana zaidi kwa mambo mawili: William McKinley, Rais wa 25 wa Marekani, na mlima wa jimbo la Alaska wenye urefu wa meta 6,190, ambao ndio mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini.

Rais huyo alizaliwa mwaka 1843 huko Niles, Ohio, na kuingia madarakani Machi 1897. Alipigwa risasi mjini Buffalo Septemba 6, 1901 alipokuwa akisalimiana na wananchi kwenye maonyesho, akafariki dunia siku nane baadaye. Alaska hakuwahi kufika.

Jina lake lilifikaje huko? Mwaka 1896 mtafuta dhahabu mmoja, William Dickey, alitoka porini akakuta habari kwamba McKinley ameteuliwa kugombea urais. Mgombea huyo alitaka sarafu ya nchi itegemee dhahabu, huku wapinzani wake wakitetea madini ya fedha. Kwa mtafuta dhahabu, sifa hiyo ilitosha. Januari 1897 Dickey aliliandika jina hilo katika gazeti la New York Sun, na mwaka 1917 Bunge la Marekani likalitumia kuanzishia hifadhi ya taifa.

Hata hivyo, mlima haukuwa bila jina. Wakoyukon, wenyeji wa eneo hilo, waliuita Denali, yaani ule mrefu. Mtu wa kwanza kukanyaga kilele chake, Juni 7, 1913, alikuwa Walter Harper, ambaye mama yake alikuwa Mkoyukon. Kisa hiki si kigeni kwa Watanzania: kilele cha Kilimanjaro nacho kilipewa jina la Kaiser Wilhelm na Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889, hadi uhuru ulipokipa jina la Uhuru.

Alaska iliomba jina la Denali lirejeshwe mwaka 1975, lakini wabunge wa Ohio waliweka pingamizi kwa miongo kadhaa. Mwaka 1980 hifadhi iliitwa Denali, mlima ukabaki McKinley. Serikali ya Rais Barack Obama iliubadili mwaka 2015. Rais Donald Trump akaamuru McKinley lirudi siku alipoapishwa, Januari 20, 2025. Hifadhi haikuguswa na amri hiyo. Wiki chache baadaye Bunge la Alaska, lenye wanachama wengi wa chama cha Trump mwenyewe, lilipitisha azimio la kumwomba abadili uamuzi wake.