Falstaff na uandikishaji wa askari

Sir John Falstaff ni mhusika wa kubuniwa katika tamthilia mbili za kihistoria za William Shakespeare (1564–1616), yaani *Henry IV, Sehemu ya Kwanza* na *Henry IV, Sehemu ya Pili*. Ni mzee mnene, mlevi, mwongo na mcheshi, tena rafiki wa mwana wa mfalme, Hal, ambaye baadaye anatawazwa kuwa Henry V. Makala hii inahusu jambo moja katika maisha yake: namna anavyokitumia cheo cha kapteni kuandikisha askari kwa rushwa.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamemjua Shakespeare kupitia tafsiri za Julius Nyerere, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Katika *Juliasi Kaizari* vita ni habari ya wakubwa. Katika *Henry IV* vita vinaonekana pia kutoka chini, kwa macho ya mkulima na fundi cherehani walioitwa majina yao asubuhi moja na kupangwa mstari.

## Biashara ya sehemu ya kwanza

Mandhari ya sehemu ya kwanza ni uasi wa ukoo wa Percy dhidi ya mfalme Henry IV, uliomalizika kwa mapigano ya Shrewsbury tarehe 21 Julai 1403. Hal anampatia Falstaff kikosi cha askari wa miguu. Tunapokutana naye tena yuko njiani karibu na mji wa Coventry, peke yake, akieleza bila haya alichokifanya.

Amepewa mamlaka ya kuwachukua watu kwa nguvu kwa jina la mfalme. Hakuwatafuta wenye uwezo wa kupigana. Aliwatafuta wenye uwezo wa kulipa: wenye nyumba zao, watoto wa wakulima wenye mashamba, na vijana wachumba ambao ndoa zao zimeshatangazwa kanisani mara mbili. Huyo wa mwisho ndiye mteja bora kuliko wote, maana ni nani atakayekubali kwenda vitani siku chache kabla ya harusi? Walilipa, wakaachwa. Kwa nafasi 150 Falstaff amevuna zaidi ya paundi 300.

Nafasi hizo sasa zimejazwa na watumishi waliofukuzwa kazi, wahudumu wa vilabu vya pombe waliotoroka na watunza farasi waliokosa ajira. Kikosi kizima kina shati moja na nusu, na hilo shati zima limeibwa kwenye nyumba ya wageni. Falstaff mwenyewe anaona aibu kupita nao mjini. Hal anapowaona na kusema kwamba wanatia huruma, anajibiwa kuwa wanatosha kuliwa na baruti, na kwamba shimo la kuzikia watalijaza sawasawa na watu bora.

Watazamaji hucheka hapo, na Shakespeare alitaka wacheke. Lakini katika tendo la tano, katikati ya mapigano, Falstaff anataja kwa sentensi moja tu kwamba amewapeleka watu wake mahali pa risasi nyingi na kwamba kati ya 150 hawakubaki hata watatu walio hai. Hao waliobaki kazi yao itakuwa kuombaomba pembeni mwa mji mpaka kufa. Hakuna anayemjibu. Mwanafunzi anayesoma haraka huiruka sentensi hiyo, na akiiruka amekosa nusu ya tamthilia.

## Ukaguzi wa Gloucestershire

Onyesho mashuhuri zaidi liko katika sehemu ya pili, tendo la tatu. Falstaff anafika kwa Shallow, hakimu wa amani wa kijijini na rafiki yake wa zamani, kuchukua askari. Watu watano wanaitwa, na majina yao yenyewe ni dhihaka: Mouldy (mwenye ukungu), Shadow (kivuli), Wart (chunjua), Feeble (dhaifu) na Bullcalf (ndama dume).

Mouldy anasema mama mzee wa nyumbani kwake hana mwingine wa kumfanyia kazi za shamba. Bullcalf, mtu wa miraba minne, anadai kuwa ana kikohozi alichokipata akipiga kengele za kumsherehekea mfalme. Visingizio havisaidii. Wawili hao wanamvuta pembeni Bardolph, msaidizi wa Falstaff, na kumpa fedha. Bardolph anamnong'oneza mkubwa wake: kuna paundi tatu. Mara hiyo Mouldy na Bullcalf wanaachwa, ingawa Shallow analalamika kwamba ndio waliofaa zaidi. Falstaff anamjibu kwamba kimo na misuli si kitu. Kinachotakiwa ni moyo.

Waliochukuliwa ni wale wasiokuwa na cha kutoa. Mmoja wao, Feeble, ni fundi wa kushona nguo za wanawake. Yeye ndiye pekee anayekubali kwenda kwa heshima, akisema mtu hufa mara moja tu na kifo ni deni kwa Mungu. Moyo ambao Falstaff aliusema kwa uongo, huyu anao kweli.

Jina la Shadow nalo lina maana yake. Falstaff anatania kwamba daftari lake limejaa vivuli. Siku hizi tungewaita askari hewa: majina yanayolipwa mshahara ilhali watu wenyewe hawapo.

## Enzi ya Elizabeth

Ingawa hadithi ni ya karne ya 15, uovu unaoelezwa ni wa siku za mwandishi. Tamthilia hizi ziliandikwa kati ya 1596 na 1598 hivi. Mwaka 1403 majeshi yalikusanywa hasa na makabaila na wafuasi wao. Utaratibu wa mahakimu wa amani kuwapanga wanakijiji mbele ya kapteni ni wa karne ya 16, na bunduki anayopewa Wart kufanyia mazoezi ni ya wakati huohuo.

Malkia Elizabeth I alikuwa akipeleka askari Uholanzi tangu 1585, kisha Ufaransa na Ireland. Kapteni ndiye aliyepokea fedha za kikosi chake, kwa hiyo askari aliyekufa au kutoroka bila kufutwa daftarini alikuwa faida kwake. Sheria ya mwaka 1558 ilikwisha kukataza kuwaachilia watu kwa malipo, lakini mchezo uliendelea. Mwaka 1593 bunge liliamuru kila parokia ichangie matunzo ya askari walioumia, kwa sababu ombaomba waliotoka vitani walikuwa jambo la kawaida barabarani.

Mshahara wa askari wa miguu wakati huo ulikuwa peni 8 kwa siku. Mouldy alitoa shilingi 40, yaani paundi mbili au peni 480: malipo ya siku 60. Paundi 300 kwa watu 150 katika sehemu ya kwanza zinaleta bei ileile, paundi mbili kwa kichwa. Inaonekana Shakespeare alijua bei ya soko.

## Baada ya Shakespeare

Mwaka 1706 George Farquhar, aliyewahi kuwa ofisa wa kuandikisha askari mjini Shrewsbury, alitoa tamthilia ya *The Recruiting Officer*, ambayo mandhari yake ni mji huohuo. Humo mahakimu na maofisa wanashirikiana kuwakamata watu wasio na kazi. Bertolt Brecht na wenzake waliiandika upya kwa Kijerumani mwaka 1955. Orson Welles aliigiza kama Falstaff katika filamu yake ya *Chimes at Midnight*, ambamo mapigano ya Shrewsbury yanaonyeshwa kama watu wanaouana matopeni huku kapteni wao mnene akikimbia huku na huko ndani ya deraya, akijificha.