Kilimo cha Nyanya Nyumbani: Hatua kwa Hatua Kuanzia Mbegu hadi Mavuno

Na Mwandishi Wetu

Nyanya ni kiungo kisichokosekana katika mapishi ya kaya nyingi nchini, na mara nyingi bei yake hupanda mvua kubwa zinapoharibu mazao mashambani. Kaya yenye ua mdogo au baraza linalopata jua inaweza kupunguza gharama hiyo kwa kutunza miche michache. Faida nyingine ni usalama wa chakula: anayelima mwenyewe anajua ni dawa gani iliyopuliziwa kwenye tunda analomlisha mtoto wake, na ilipuliziwa lini.

Uchaguzi wa mbegu

Mwananchi anashauriwa kununua mbegu katika duka la pembejeo lililosajiliwa, zikiwa kwenye pakiti yenye lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Aina fupi kama Tanya na Roma hufaa kupandwa kwenye ndoo. Aina ndefu kama Moneymaker huendelea kurefuka na kuzaa, hivyo huhitaji mti wa kuegemea. Mbegu zinazotokana na matunda ya nyanya chotara zisitunzwe kwa msimu ujao, kwani mimea yake haifanani na mmea mama.

Kitalu

Changanya sehemu mbili za udongo tifutifu na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Sia mbegu kwa kina cha sentimita 1, katika mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15. Funika kwa nyasi kavu na mwagilia taratibu. Mbegu huota baada ya siku 5 hadi 10. Zikianza kuchomoza, ondoa nyasi na uweke kivuli chepesi. Wiki moja kabla ya kuhamisha miche, punguza maji na uondoe kivuli hatua kwa hatua ili miche izoee jua.

Kuhamisha miche

Miche huwa tayari ikiwa na umri wa wiki 3 hadi 5, urefu wa sentimita 10 hadi 15 na majani 4 hadi 6. Ihamishe jioni. Bustanini, acha sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya miche. Anayetumia ndoo ya lita 20 aitoboe chini na kupanda mche mmoja tu. Fukia sehemu ya chini ya shina, kwa kuwa shina la nyanya hutoa mizizi. Epuka mahali palipopandwa nyanya, biringanya, pilipili au viazi mviringo msimu uliopita, kwani mazao haya hushambuliwa na magonjwa yanayofanana.

Matunzo

Mmea unahitaji jua la angalau saa 6 kwa siku. Mwagilia asubuhi, kwenye shina na si kwenye majani, kwani majani yanayokaa na unyevu hukaribisha ukungu. Maji yatolewe kwa mpangilio. Udongo unaokauka kabisa kisha kujazwa maji husababisha matunda kupasuka na kuoza kitako, yaani tunda kuwa jeusi upande wa chini. Wengi hudhani huo ni ugonjwa na kununua dawa, ilhali chanzo ni madini ya kalsiamu kutofika kwenye tunda. Matandazo ya nyasi kavu husaidia kutunza unyevu.

Kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, hutoboa majani na matunda. Kagua mimea mara kwa mara, chuma majani yenye michirizi na uyachome au kuyafukia. Ikilazimu kupulizia, tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), vaa kinga, na uzingatie idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kifungashio. Kuvuna kabla ya siku hizo kutimia ni kuipeleka sumu mezani.

Mavuno

Kulingana na aina na hali ya hewa, mavuno huanza siku 60 hadi 90 baada ya kuhamisha miche. Chuma tunda linapoanza kubadilika rangi na liache liive ndani ya nyumba, mbali na jua kali. Nyanya ambazo hazijaiva zisiwekwe kwenye jokofu, kwani baridi huzuia kuiva na hupunguza ladha.

Mwananchi anayeona mmea ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu aung'oe, asiutupe kwenye lundo la mboji, na awasiliane na afisa ugani wa kata yake kabla ya kupanda tena mahali hapo.